Duara la Nje

Vigae vilianza kufika baada ya chakula cha mchana. Kila kaya ilileta chake mgongoni, kimefungwa kwa kitenge kama mtoto, na ukimwona mtu mzima mwenye mvi anapanda uwanda wa Kitulo kainama vile, anatweta, huku kapeleka mkono nyuma kukipapasa, usicheke. Kile ni kigae cha mtu wake.

Tusekile aliwapokea mmoja mmoja kwenye fremu. Fremu yenyewe ni chuma tupu, pana kuliko nyumba ya vyumba viwili, imelazwa juu ya nyasi na kuinamishwa upande wa kusini. Ina duara la ndani na duara la nje, na kila tundu lina mwenyewe. Kigae kina pembe sita, kimeng'arishwa hata ukikichungulia unaona vinyweleo vya pua yako. Ukivipanga vyote vinashikana, vinakuwa kioo kimoja, na kioo hicho ndicho darubini yetu. Kila mwaka, mwezi wa Juni, baridi inapogandisha umande kwenye majani, watu wanapanda na vigae vyao, kioo kinaungwa, kazi inafanyika, kisha kila mtu anateremka na chake. Hakijawahi kulala kizima.

"Dada Tuse," alisema Mwasumbi, akitua cha kwake, "hiki kigae mwaka huu kimenenepa."

"Wewe ndiye umekonda. Kiweke taratibu."

"Sijakonda. Nimepungua kwa hiari yangu."

Mwasumbi alikuwa mtu wa kamera. Dada yake yuko kule, na mzaha wake wote wa siku hiyo ulikuwa wa mtu anayeogopa. Tusekile alimjua tangu darasa la pili, akamwachia apige kelele zake.

Kule ni ndani ya Heri. Vijana waliochaguliwa kutoka nyanda hizi za juu waliingia kwenye chombo hicho cha angani wakiwa na meno yote mdomoni, na sasa, kama wapo, wana mvi kama sisi. Chombo kinakwenda upande wa Msalaba wa Kusini, hakirudi, na walijua hakirudi. Redio yake ilinyamaza mapema sana. Kilichobaki ni taa moja nyuma ya chombo, inayoelekezwa nyumbani jioni moja kwa mwaka. Mwanga wake ukitufikia tayari una miaka njiani, kwa hiyo hata tukiwaona tunawaona walivyokuwa, si walivyo. Lakini na picha za harusi ziko hivyohivyo, na hakuna anayezitupa.

Siku ya taa kila msafiri ana zamu yake. Anakwenda kwenye kifuniko cha taa, anakifungua kwa mkono wake mwenyewe, anahesabu kidogo, anakifunga. Anakuja wa pili. Wanafuatana kwa viti walivyokalia siku ya kuondoka. Huku chini sisi hatuifuati anga kwa mota kama wafanyavyo wapiga picha wengine. Tunaiacha iteleze juu ya kioo. Nyota za kawaida zinachora mistari. Taa, kwa sababu inawaka na kuzima, inachora shanga. Ushanga mmoja, mtu mmoja.

Na kama mtu amefariki, zamu yake inapita na kifuniko kimefungwa. Waliapa hilo kabla ya kuondoka, kwamba hakuna atakayemwashia mwenzake taa. Wakati ule kiapo kilionekana kizuri. Walikuwa vijana.

*

Baba Lugano alifika jua likiwa limeshapinda. Alikataa kubebewa kigae. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi, na mkewe, Mama Lugano, alikuwa anamfuata kwa nyuma na kiti cha kukunja mkononi, akisema peke yake kwamba mwanaume huyu atamfia njiani. Tusekile alikimbia kumpokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Usinishike mimi, shika kigae."

Alikishika. Kilikuwa cha duara la nje, tundu la karibu na la kigae cha nyumbani kwao Tusekile mwenyewe. Lugano na Lwitiko, mdogo wake Tusekile, walikaa viti viwili vya mwisho, pamoja. Kila msafiri alisugua kigae chake cha kuacha nyumbani, na vyao walivisugua pamoja pia, uani shuleni, mwaka ule wote wa maandalizi, kwa unga wa jiwe na maji, wakizunguka na kuzunguka. Lwitiko alikuwa mvivu. Alisugua nusu, akalala kivulini, Lugano akammalizia. Wamama walikuwa wakipita wanawatania kwamba hao wameshaoana bado mahari tu. Tusekile alikuwa akiwapelekea uji. Harufu ya ule unga wa jiwe ukilowa bado anaikumbuka, na akiikumbuka anatamani kukaa chini palepale alipo.

"Tuse," alisema Baba Lugano alipokwisha kukaa na kupumua. "Leo fungua kioo chote."

"Tutaangalia upepo, baba."

"Angalia. Lakini mimi nakwambia ninachotaka. Mwaka jana mlifunika duara la nje."

"Mwaka jana upepo ulikuwa mkali."

"Ulikuwepo, sibishi. Nikaona pale mwisho wa picha kitu mfano wa vumbi. Mama yako huyu akasema ni ushanga. Mimi nikasema ni chenga tu za kamera. Mwaka mzima nimebaki na hilo vumbi." Alikohoa, akasubiri kikohozi kiishe. "Kama yupo, nijue yupo. Kama hayupo, nimlilie kabla na mimi sijaenda. Sitaki kuondoka sijui."

Tusekile akasema amesikia.

Hapa inabidi mtu aelewe jambo la upana wa kioo, vinginevyo atadhani mzee alikuwa anaomba kitu kidogo. Wageni wanaokuja huku na darubini zao ndogo za kupiga picha mawingu ya nyota, yale mekundu na ya buluu, wana msemo wao: picha ikiwa hafifu, acha kamera wazi zaidi. Na ni kweli kwa kazi yao. Wingu la nyota liko palepale, halina haraka. Unalifuata kwa mota, unapiga picha moja juu ya nyingine hadi chenga zinatulia, na hata kioo cha upana wa sahani kitakupa kitu cha kutundika ukutani. Mtu wa namna hiyo akiuliza achague kioo cha upana gani, Tusekile humwambia achague anachoweza kukibeba bila kumchukia mkewe.

Lakini zamu ya mtu haisubiri. Anafungua, anafunga, basi. Mwanga aliotuma ni huohuo, na kila mwaka chombo kiko mbali zaidi na mwanga umepungua zaidi. Huwezi kuongeza muda. Unachoweza kuongeza ni upana tu, vigae vingi zaidi vya kukinga matone hayo machache. Tena pembeni mwa picha mwanga hufifia kuliko katikati, na viti vya mwisho viko pembeni. Kuisogeza picha ili hao wakae katikati kungewatupa wengine pembeni, na vita vya nani akae katikati vilishapiganwa miaka ya mwanzo vikaisha kwa watu kununiana misimu miwili. Hakuna aliyetaka kuvirudia.

Na upana nao una taabu zake. Mikono ya chuma inayoshika vigae vya duara la nje ni mirefu. Upepo ukivuma inatetemeka, na kigae kinachotetemeka kinautawanya ushanga badala ya kuujenga. Kwa hiyo mpangaji wa vioo alipewa ruhusa moja: akiona upepo, afunike duara la nje kwa mablanketi, kazi ifanywe na la ndani peke yake. Ruhusa hiyo haiulizwi na mtu. Mpangaji akisema upepo, ni upepo.

Mpangaji alikuwa Tusekile.

*

"Njoo unisaidie kumenya," alisema Mama Lugano.

Walikaa nyuma ya hema la jikoni, kwenye ndoo zilizopinduliwa, gunia la viazi katikati yao. Mama Lugano alimenya haraka, ganda jembamba, bila kutazama.

"Baba yako amekuomba nini?"

"Kioo chote kiwe wazi."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba tutaangalia upepo."

"Vizuri. Upepo uwepo."

Tusekile alisimamisha kisu. Kulikuwa kumetulia kiasi kwamba moshi wa jikoni ulipanda wima hadi ukapotea wenyewe.

"Mama."

"Sikuombi uongo, mwanangu. Nakuomba blanketi."

"Ndiyo huohuo uongo, mama, umevikwa tu."

"Basi uvike." Mama Lugano alitupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka. "Sikiliza. Mwaka jana niliuona. Mdogo, lakini niliuona. Yeye akasema chenga. Tangu siku ile tunakula meza moja, mwenzangu ana marehemu na mimi nina mtoto. Unajua kukaa hivyo? Lakini nimekaa. Asubuhi nikiamka nasema, Lugano naye saa hizi anaamka. Ananuna, maana hapendi kuamka. Ndivyo ninavyoanza siku."

"Baba anaumwa. Anataka kujua kabla..."

"Atajua akifika huko. Akimkuta, watakumbatiana. Asipomkuta, atafurahi kwamba bado yu hai. Yeye njia ya kujua anayo, tena haiko mbali, Mungu anisamehe. Mimi ndiye ninayebaki." Alifuta kisu kwenye kanga. "Na watu wataendelea kuniita Mama Lugano. Watasema nini tena? Sokoni, kanisani, Mama Lugano chukua chenji yako. Sasa hivi wakiniita napata nguvu. Kukishakuwa kweupe kwamba hayupo, kila atakayeniita atakuwa ananichoma."

Tusekile aliokota kiazi kingine. Alimtazama mwanamke huyu aliyemsuka nywele alipokuwa mtoto, aliyekuwa naye siku ya kumzika mama yake, aliyeazimwa sukari na kuazima chumvi miaka yote hii kupitia dirisha lilelile, akaona mikono yake haiachi kumenya.

Na kuna jambo jingine ambalo Mama Lugano alikuwa na heshima ya kutolitaja. Ushanga wa Lwitiko ulikuwa palepale, pembezoni, baada ya ule wa Lugano. Mwaka jana nao ulikuwa vumbi. Tusekile alijiambia ni ushanga, akarudi nyumbani akaning'iniza kigae ukutani, na mwaka mzima kila alipokifuta vumbi alimsemesha mdogo wake aliyembeba mgongoni hadi akawa mzito asiyebebeka. Alimsimulia bei ya viazi. Alimsema kwa uvivu. Kama kioo kikifunguliwa chote na pale mwisho pakawa peusi, atamsemesha nani?

Kwa hiyo aliposema, "Nitaona, mama," hakuwa anamwonea huruma Mama Lugano peke yake. Woga ulikuwa wake pia, na ulifurahi kupata mtu wa kujificha nyuma yake.

*

Giza lilipoingia vizuri Msalaba ulikuwa juu, umesimama wima. Watu walikaa kwenye mikeka na magunia kuzunguka skrini ya Mwasumbi, wamejifunga makoti na mablanketi, vikombe vya chai vinapita. Zilisemwa hadithi zilezile za kila mwaka. Nani alilia siku ya kuondoka, nani alijifanya halii, nani alisahau viatu vyake vya kuondokea ikabidi avae vya mjomba. Zilichekwa palepale zinapochekwa kila mwaka. Mtu mgeni angeona watu waliochoka na hadithi zao, kumbe hawakuchoka hata kidogo.

Tusekile alikwenda kwenye fremu peke yake. Alipita mkono mmoja baada ya mwingine wa duara la nje, akalaza blanketi juu ya kila kigae. Alipofika cha Lugano alikifunika haraka. Cha Lwitiko alikifunika akiwa ameangalia pembeni.

"Upepo?" aliuliza Mwasumbi aliporudi.

"Juu kidogo."

Mwasumbi alimtazama. Kisha akawasha kamera.

Taa hupita mara mbili. Wanaanza kiti cha kwanza hadi cha mwisho, kunakuwa na mapumziko ya kutosha mtu kunywa chai taratibu, halafu wanarudia. Mzunguko wa kwanza ulianza. Mistari ya nyota ilijichora kwenye skrini, na katikati yake, kwenye weusi ulioachwa kwa ajili hiyo, ushanga wa kwanza ukatokea. Hafifu, lakini ushanga. Kaya ya kwanza ilishusha pumzi. Ukaja wa pili. Pakaja pengo ambalo wenyewe walilijua tangu miaka kumi nyuma, na walilipokea kwa kuinamisha kichwa tu. Ukaja mwingine, na mwingine. Dada yake Mwasumbi alitokea katikati kabisa, akiwaka vizuri kuliko wote, na kaka mtu akasema kwamba hata huko dada yake kashajitafutia nafasi nzuri.

Safu ilipokaribia ukingo shanga zilianza kuyeyuka. Pale mwisho kabisa kulikuwa na chenga zinazocheza, kijivu juu ya kijivu. Ungeweza kuona ushanga mmoja. Ungeweza kuona miwili. Ungeweza kuona uso wa bibi yako kama ulimhitaji.

"Hapa mwisho sijui," alisema Mwasumbi kwa sauti ya chini.

"Mimi nimeona," alisema Mama Lugano.

Baba Lugano hakuwa anatazama skrini. Alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, anaangalia moshi wa jikoni, ambao ulikuwa unapanda wima kama ulivyofanya tangu mchana.

"Tuse."

"Naam, baba."

"Kazi ni yako, na mimi si mtu wa kugombana na mpangaji. Nauliza tu. Upepo uko wapi, nikausalimie?"

Tusekile angeweza kusema upepo uko juu, haushuki hadi chini, mtu wa kawaida hawezi kuusikia. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni na hakuna ambaye angembishia. Alihisi Mama Lugano anamtazama ubavuni.

"Hakuna upepo, baba," alisema. "Niliogopa."

Mzee alimtazama. Usoni hakukuwa na hasira. Ingekuwa hasira angeivumilia.

"Haya," alisema Baba Lugano. "Si kitu. Mwakani basi."

Akajifunga koti lake, akashusha kofia, akakaa na mikono juu ya magoti. Kila mtu pale aliyesikia kifua chake kikipanda kilima alijua kwamba mzee huyu hana mwakani. Yeye mwenyewe alijua kuliko wote. Alikuwa ametoa tu kitu cha adabu cha kusema ili binti wa jirani asijisikie vibaya.

Tusekile alisimama, lakini Mama Lugano alikuwa ameshatangulia. Alikuwa anakwenda kwenye fremu na viatu vyake vikubwa vya mvua, na alipofika alishika blanketi la kwanza.

"Mama, ngoja, utakwaruza kioo."

"Basi nionyeshe linavyotolewa."

Tusekile alishika ncha nyingine. Walilinyanyua, wakalikunja. Wakaenda la pili.

"Nilikuomba vibaya," alisema Mama Lugano, bila kumtazama. "Niliomba kwa ajili yangu nikasema ni kwa ajili ya wote. Umemsikia alivyosema si kitu? Tangu anioe, huyu hajawahi kuniambia si kitu ikawa si kitu kweli. Hivyohivyo alisema walipomfukuza kazi. Hivyohivyo alisema siku chombo kinaondoka." Alikunja blanketi, akaliweka na mengine. "Siwezi kumwacha aende na hiyo."

Walifika kwenye vigae viwili vya mwisho. Tusekile alikuta mkono wake hautaki kunyanyuka.

"Na wangu yuko palepale, mama," alisema. "Nami sijui."

"Najua, mwanangu. Unafikiri sijui? Tutaogopa wote." Akashika ncha ya blanketi, akamsubiri.

Wakalitoa.

*

Tusekile alipatanisha vigae vya nje kwa nyota angavu ya jirani na Msalaba, akikaza skrubu moja, akilegeza nyingine, hadi vinukta vyote vya nyota ile vikaingiana vikawa kimoja. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Aliona mwanga mmoja umekusanyika kutoka nyumba za watu wote, na kwa kitambo kidogo, kwa kazi tu, alisahau kuogopa.

Mzunguko wa pili ulipoanza watu walipumua kwa pamoja. Hawakuwa wameona kioo kizima katika usiku mtulivu kwa miaka mingi, na walikuwa wamesahau. Anga yote kwenye skrini ilifunguka. Mistari ya nyota ilikuwa minene, na katikati yake kukatokea mistari mingine myembamba ambayo mwanzo haikuwepo. Na shanga zilikuja nyeupe, za mviringo, moja baada ya moja, zimekaa sawa kwenye weusi. Mama mmoja alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo ni mwanangu," kama vile kijana anatokea kona ya nyumba na ndoo ya maji.

Hakuna aliyenywa chai. Safu ilisogea ukingoni, na safari hii haikuyeyuka. Kiti cha tatu kutoka mwisho kilikuja, kikawaka, kikazima.

Zamu ya Lugano ilianza.

Tusekile alikuwa amepiga magoti kati ya viti vya wazee wawili. Alitazama mahali penyewe. Hapakuwa na chenga tena za kumficha mtu. Palikuwa peusi, weusi safi, uliopakana na ushanga mmoja upande wa kushoto. Muda wa zamu ulipita wote. Hapakuwaka kitu.

Mwasumbi aliondoa mkono wake kwenye mashine na kuuweka mapajani.

Kisha, kwenye nafasi ya mwisho kabisa, ushanga ukaja. Mweupe, imara, hauna shaka. Ulikaa muda wake wote, na hata ukachelewa kidogo kuzima, kama mtu aliyesahau kwamba anatakiwa kufunga. Lwitiko. Furaha ilimpanda Tusekile kifuani kwa nguvu hadi akaumia, na papo hapo akaona aibu, akainamisha uso ili mtu asiione. Alitaka kuruka. Alitaka kupiga kigelegele hadi kifike kijijini. Akang'ata mdomo na kuangalia nyasi.

Baba Lugano alivua kofia yake.

"Sasa najua," alisema. Na yeye aliyekuwa ameomba kujua mwaka mzima, aliyejiandaa, aliyekuwa na maneno yake tayari, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto, mabega yanamcheza. Watu walisogea. Mtu alimwekea blanketi mabegani, moja ya yale ya kufunikia.

Mama Lugano hakulia. Alisimama, akaenda hadi kwenye skrini, karibu sana, hata mwanga wa shanga ukampata usoni. Alisimama pale akitazama ile nafasi nyeusi. Tusekile alimfuata, akasimama nyuma yake, hajui aweke wapi mikono.

"Ni hapa," alisema Mama Lugano.

"Ni hapo, mama."

"Hakuna hata chenga."

"Hakuna."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha kidole chake kilitoka kwenye koti, kikapita juu ya weusi bila kugusa kioo cha skrini, kikasimama kwenye ushanga wa mwisho.

"Na huyu?"

Alijua fika ni nani. Tusekile alijaribu kuifanya sauti yake iwe ndogo. "Lwitiko."

"Yupo."

"Yupo, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nyanyua uso, nikuone ukifurahi. Kwenye jambo hili nimekuwa nikilala macho miaka na miaka, angalau mmoja wetu afurahi." Lakini hakugeuka kumtazama. Kidole chake kilirudi nyuma kwenye weusi, kikaenda tena kwenye ushanga, kikarudi, kana kwamba anapima umbali wa viti viwili. "Walikaa pamoja, wale. Yeye hapa, Lwitiko hapa."

"Pamoja. Lwitiko aliomba mwenyewe akae naye."

"Na Lwitiko yupo hadi leo."

"Yupo."

Mama Lugano alivuta pumzi, na ilipotoka ilitoka na machozi yote.

"Basi hakufa peke yake," alisema.

Alirudi kwenye kiti cha mumewe, akainama, akamshika mikono yote miwili. Mzee alikuwa bado analia na hakusikia mara ya kwanza, ikabidi amwambie tena.